Bassett-Lowke: Mfanyabiashara aliyevusha kipimo kabla ya mzigo

MWAKA 1900 macho ya wafanyabiashara wa Ulaya yalikuwa Paris, Ufaransa, ambako maonyesho makubwa ya kimataifa yalikuwa yamefunguliwa. Miongoni mwa waliovuka bahari kwenda huko alikuwa Mwingereza wa miaka 22, Wenman Joseph Bassett-Lowke, mtoto wa fundi wa maboila kutoka mji wa Northampton. Hakwenda kutazama tu. Alikuwa na biashara changa ya kuuza vifaa vya modeli kwa njia ya posta, na alitafuta kiwanda cha kumtengenezea treni ndogo zinazofanana kweli na zile zilizopita kila siku katika stesheni za kwao.

Alikipata mahali ambapo Waingereza wengi wa wakati ule wasingependa kukiri: Ujerumani. Kwenye mabanda ya Paris aliona kazi za viwanda vya Kijerumani, kikiwamo cha Märklin, na akakutana na Stefan Bing wa kampuni ya Gebrüder Bing ya Nuremberg. Ulikuwa mwanzo wa uhusiano wa kibiashara uliodumu zaidi ya miaka 30, ukapita katika vita moja kuu, chuki ya wateja dhidi ya bidhaa za adui na mwisho utawala wa Hitler.

Leo jina la Bassett-Lowke linajulikana zaidi kwa wapenzi wa reli za mfano na kwa wasomi wa usanifu wa majengo. Lakini maisha yake yanamhusu pia yeyote anayeagiza mzigo upande mmoja wa mpaka na kuuuza upande wa pili, kwa sababu muda mrefu kabla ya kuwa tajiri alielewa jambo moja: kabla mzigo haujavuka mpaka, lazima kipimo kivuke kwanza.

KARAKANA YA BABA

Bassett-Lowke alizaliwa Northampton tarehe 27 Desemba 1877. Mji huo ulijulikana kwa viatu, lakini baba yake, Joseph Tom Lowke, aliendesha karakana ya uhandisi na maboila. Kijana aliacha shule mapema, akafanya kazi kwa muda katika ofisi ya msanifu majengo, kisha akarudi kwenye chuma na mvuke.

Katika karakana ile aliona kwamba wanaume wengi wenye ajira zao walitumia saa za jioni kujitengenezea injini ndogo za mvuke. Tatizo lao lilikuwa vipuri. Fundi wa nyumbani aliweza kuchonga na kukata, lakini hakuwa na mahali pa kusubu chuma wala mashine ya kukereza silinda. Baba alikuwa na vyote viwili. Mwana akaona biashara.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 alianza kuuza vipuri hivyo pamoja na Harry Franklin, karani wa hesabu wa karakana ya baba yake. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi: mmoja alijua bidhaa na wateja, mwingine alijua vitabu vya fedha. Katalogi yao ya kwanza ilitoka mwaka 1899.

JARIDA LILILOGEUKA SOKO

Biashara ya namna hiyo isingewezekana miaka 10 nyuma, kwa kuwa wateja wake walikuwa wametawanyika nchi nzima, mmoja hapa na mwingine kule, na hakuna duka la mji mmoja ambalo lingeishi kwa kuwategemea. Kilichowaunganisha ni gazeti. Januari 1898 mchapishaji Percival Marshall alianzisha jarida la The Model Engineer kwa ajili ya mafundi wa nyumbani. Bassett-Lowke alikuwa miongoni mwa watangazaji wake wa mwanzo.

Majarida ya aina hiyo yalifanya kazi kubwa kuliko kuburudisha. Yalichapa michoro yenye vipimo. Yalichapa barua za wasomaji waliokosoana kuhusu umbo la bomba la moshi au idadi ya spoku za gurudumu. Yaliwafundisha wasomaji kudai usahihi, na msomaji aliyefundishwa kudai usahihi akawa mteja asiyeridhika na kichezeo cha bati chenye sura ya treni ya nchi yoyote.

Mwaka 1909 Bassett-Lowke alishiriki kuanzisha jarida jingine, Model Railways and Locomotives, lililoshughulikia reli za mfano hasa. Mhariri wake alikuwa Henry Greenly, mhandisi aliyekuwa pia mchoraji mkuu wa modeli za Bassett-Lowke. Yeye mwenyewe alikuwa tayari ameandika kitabu cha mwongozo, The Model Railway Handbook, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1906 na kuchapwa tena na tena. Kwa hiyo mtu yule yule aliuza reli, akafundisha namna ya kuzitandika na akasaidia kulipa jarida lililozisifu. Mchanganyiko huo ungeweza kuharibu jina lake kama bidhaa zingekuwa mbovu, lakini wateja walizipima kwa rula na kurudi kununua zaidi.

MCHORO WA UINGEREZA, BATI LA NUREMBERG

Kabla ya makubaliano ya Paris, viwanda vya Ujerumani viliuza Uingereza treni ndogo nyingi, lakini sura zake zilikuwa za bara la Ulaya. Mara nyingi tofauti ilikuwa rangi tu: injini ile ile iliyouzwa kwingine ilipakwa rangi za kampuni ya reli ya Kiingereza na kusafirishwa. Mtoto hakujali. Baba yake, aliyepanda treni halisi kila asubuhi, alijali.

Bassett-Lowke alibadilisha mpango huo. Badala ya kuchagua kilichokuwa rafuni, alipeleka Nuremberg michoro. Muda mfupi baada ya kukutana Paris, Bing walimtengenezea modeli ya mvuke ya injini iitwayo Black Prince, ya kampuni ya London and North Western, reli iliyojulikana vizuri na wateja wake. Injini ndogo ilionekana kama mama yake. Baadaye yalifuata mabehewa ya bati lililochapwa rangi, mengi yakitoka kwa Georges Carette, Mfaransa aliyekuwa na kiwanda chake huko huko Nuremberg.

Mpango ulikuwa na faida kwa pande zote. Bing, waliohesabiwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa vitu vya kuchezea duniani, walikuwa na mashine, mafundi na bei nafuu ya wingi. Bassett-Lowke hakuwa na kiwanda cha ukubwa huo na hakutaka kujifanya anacho. Alikuwa na vitu ambavyo Bing hawakuwa navyo: aliwajua wateja, alikuwa na mchoro na alikuwa na njia ya kuwafikia wanunuzi kwa katalogi na majarida.

Kilichofungamanisha vyote ni vipimo. Greenly na Bassett-Lowke walisisitiza kwamba kila upana wa reli ndogo uwe na skeli yake inayojulikana. Katika upana uitwao sifuri, wenye milimita 32 kati ya reli na reli, milimita 7 za modeli zilisimama badala ya futi moja ya kitu halisi. Mtu aliyenunua injini mwaka huu aliweza kununua behewa mwaka ujao, kutoka kwa mtengenezaji mwingine, na vikaenda pamoja. Bila makubaliano hayo kila kiwanda kingekuwa kisiwa.

Biashara ilikua haraka. Mwaka 1908 alifungua duka High Holborn, London, na mwaka 1910 kampuni ikasajiliwa kuwa Bassett-Lowke Ltd. Alijiingiza pia katika reli za bustani na za ufukweni, zenye upana wa inchi 15, ambazo watu walilipa nauli kupanda. Injini ya Little Giant ilianza kubeba abiria Blackpool mwaka 1905.

VITA VYAFUNGA MPAKA

Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani. Usiku mmoja msambazaji mkuu wa Bassett-Lowke akawa mali ya adui. Mizigo ya Nuremberg ilikatika, na hata bidhaa zilizokuwa tayari ghalani ziligeuka za kutiliwa shaka machoni mwa wanunuzi.

Wafanyabiashara wengi waliotegemea mpaka mmoja waliumia. Bassett-Lowke alinusurika kwa sababu hakuwa ameweka kila kitu upande ule. Tangu mwaka 1908 fundi George Winteringham alikuwa akiendesha karakana Northampton iliyotengeneza reli na modeli kwa ajili ya kampuni hiyo. Kazi ya vipimo vidogo iliyokuwa ya starehe ikahitajika na serikali: mikono iliyozoea sehemu za milimita ilielekezwa kwenye vipimio vya kukagulia silaha na risasi viwandani. Carette kwa upande wake hakuwa na pa kuegemea. Akiwa Mfaransa ndani ya Ujerumani, kiwanda chake kilifungwa mwaka 1917.

Katika miaka hiyo ya vita Bassett-Lowke alijenga upya nyumba yake. Alimwendea Charles Rennie Mackintosh, msanifu mashuhuri kutoka Scotland, ambaye mwaka 1916 na 1917 aliigeuza nyumba nyembamba ya namba 78 Derngate, Northampton, kuwa kazi ya sanaa. Baadhi ya fanicha zake zilitengenezwa na mafundi wa Kijerumani waliokuwa wamezuiliwa kambini katika kisiwa cha Man. Wakati magazeti yakimchora kila Mjerumani kuwa adui, mfanyabiashara huyu aliwapa oda. Nyumba hiyo leo ni makumbusho.

Vita vilipokwisha, alirudi Nuremberg. Haikuwa hatua ya kupendwa na wote, na ushindani nyumbani ulikuwa umeongezeka: mwaka 1920 Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza treni zake za bati, za kujazwa kwa ufunguo kama saa, zikiwalenga watoto na mifuko ya kawaida. Bassett-Lowke hakushindana naye kwa bei. Alibaki na mteja wake wa zamani, mtu mzima anayepima.

Msimamo wake kuhusu mpaka ulionekana tena mwaka 1926 alipohamia nyumba mpya iitwayo New Ways, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza ya mtindo wa kisasa nchini Uingereza. Aliyeichora alikuwa Peter Behrens, Mjerumani.

KASORO YA MILIMITA MBILI

Mtu aliyesisitiza vipimo namna hiyo ndiye pia aliyehusika na kasoro ya vipimo inayobishaniwa hadi leo.

Mwaka 1922 Bing walitengeneza reli ndogo sana ya kuendeshwa juu ya meza, na Bassett-Lowke akaiuza Uingereza. Upana wake ulikuwa takriban milimita 16, nusu ya ule wa sifuri. Nusu ya skeli ya milimita 7 ni milimita 3.5 kwa futi, na bara la Ulaya lilifuata hesabu hiyo. Lakini treni halisi za Uingereza ni nyembamba na fupi kuliko za bara, ingawa zinapita juu ya reli za upana ule ule. Zikipunguzwa kwa skeli ya 3.5, miili yake haikuacha nafasi ya kutosha ya springi wala mota. Njia ya mkato iliyohusishwa na Greenly ilikuwa kukuza mwili wa treni hadi milimita 4 kwa futi na kuacha reli chini yake kama zilivyo.

Hesabu yake ni rahisi. Reli halisi ya milimita 1,435, ikipunguzwa kwa skeli ya milimita 4, inapaswa kuwa na upana wa milimita 18.83. Kipimo kilichoenea Uingereza ni 16.5. Pengo ni milimita 2 na kitu, lakini kwenye reli halisi lingekuwa karibu sentimita 18. Treni inaonekana kama mtu mnene aliyesimama kwa miguu iliyobanwa.

Kwa bidhaa ya meza ya watoto haikuwa dhambi. Shida ni kwamba viwanda vilivyofuata vilijenga juu ya msingi huo huo. Hornby walipotoa treni zao za Dublo mwaka 1938 walitumia skeli na upana huo, wengine wakafuata, na mamilioni ya nyumba zikawa na reli ambazo hakuna aliyekuwa tayari kuzitupa. Waliotaka usahihi walilazimika kujitenga. Wengine walihamia milimita 18, kisha 18.2. Katika miaka ya 1960 kundi jingine lilikwenda hadi 18.83 kamili, likipunguza pia unene wa magurudumu na nafasi kwenye njia panda za reli. Ndiyo shughuli inayoitwa modeli za vipimo halisi, yenye vyama vyake na majarida yake, likiwamo Model Railway Journal lililoanza mwaka 1985. Wapenzi hao hujitengenezea karibu kila kitu, kwa kuwa kiwandani hakuna kinachowatosha. Reli moja ya meza inaweza kuwachukua miaka mingi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua hadithi hii katika ukubwa wake wa kweli. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda na ile ya kati ya Tanganyika zilijengwa kwa upana wa mita moja. TAZARA, iliyojengwa katika miaka ya 1970 ili kuungana na reli za kusini, ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, chini ya upana wa kiganja, lakini behewa la upande mmoja haliendi upande wa pili, na Kidatu pamejengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine. Sasa Kenya na Tanzania zina pia reli za kisasa za milimita 1,435. Aliyewahi kulipia mzigo kushushwa na kupakiwa mara ya pili hahitaji kuelezwa gharama ya kipimo kilichoamuliwa na watu waliokwisha kufa.

BING AVUKA KUELEKEA UPANDE WA PILI

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni kubwa ya Bing ilianza kuyumba. Stefan Bing aliondoka, na mwaka 1932 utengenezaji wake wa vitu vya kuchezea ukafikia mwisho. Yeye alikuwa ameanza upya Nuremberg na kampuni nyingine, Trix. Bassett-Lowke alishirikiana naye tena, na mwaka 1932 tawi la Trix likaanzishwa Uingereza. Reli ya Trix ya mwaka 1935 ilikuwa na jambo geni: treni 2 ziliweza kuendeshwa kwa umeme juu ya reli moja, kila moja kwa mwendo wake. Za soko la Uingereza zikaanza kutengenezwa katika karakana ya Winteringham, Northampton.

Bing alikuwa Myahudi. Chini ya Hitler, mwaka 1938 alilazimika kuachia kampuni yake ya Nuremberg, naye akahamia Uingereza. Miaka 38 baada ya kijana wa Northampton kwenda kumtafuta Paris, safari ikawa ya upande wa pili. Uhusiano ulioanza kwa michoro na bei za jumla ulikuwa umeacha Uingereza kampuni, karakana na watu waliomjua.

Mwaka uliofuata vita vilianza tena na Northampton ikaacha treni za starehe. Mafundi wa modeli walitengeneza madaraja madogo ya Bailey ya kufundishia wanajeshi, na modeli za bandari za kubebeka za Mulberry, zilizotumiwa baada ya majeshi kutua Normandy mwaka 1944.

KILICHOBAKI

Bassett-Lowke hakuwa mtu wa dukani tu. Alikuwa mjamaa wa chama cha Fabian, akaingia baraza la mji kwa upande wa Labour, akapigania bwawa la kuogelea la mji lililofunguliwa mwaka 1936, na akawa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la tamthilia la Northampton. Mkewe, Florence Jane, aliyemwoa mwaka 1917, alitoka katika familia ya wenye kiwanda cha viatu cha Crockett & Jones. Yeye alifariki Northampton tarehe 21 Oktoba 1953, akiwa na umri wa miaka 75.

Kampuni haikudumu sana bila yeye. Modeli za bei ghali zilizokamilishwa kwa mikono hazikuweza kushindana na plastiki, na katika miaka ya 1960 biashara ya rejareja ilifungwa. Jina lake lilipita mikono kadhaa hadi mwaka 2008 liliponunuliwa pamoja na kampuni ya Corgi. Mnunuzi alikuwa Hornby, kampuni yenye jina la yule mshindani wa Liverpool.

Injini zake za zamani sasa hupiganiwa minadani, na anayetaka kuinunua huanza kwa kuigeuza chini juu na kupima umbali kati ya magurudumu.